Mvua ya Wakati wa Kuvuna Wimbi

Mtu akikuambia kwamba mji fulani una joto, usimjibu kitu. Mwache aendelee. Joto peke yake si habari. Muulize usiku kulikuwaje, nguo zilizoanikwa zilichukua muda gani kukauka, watu walifunga madirisha mwezi upi. Nyinyi mlioajiriwa juzi kufundisha jiografia mmekuwa mkiniandama niwape siri ya kazi, na siri ndiyo hiyo. Uliza, kisha unyamaze. Mengine yako kitabuni, na naona siku hizi hata kitabu mmekitia ndani ya simu.

Nilianza kazi katika shule ya harambee karibu na Ikonge, huku kwetu milimani, miaka michache baada ya uhuru. Wazazi waliijenga wenyewe, huyu akileta mawe, yule mabati, mwingine mbao zilizobaki za nyumba yake. Atlasi zetu zilikuwa chache na zilisomwa na vichwa vitatu vitatu. Moja ilikuwa haina Amerika ya Kusini kwa sababu kuna mtu aliisokotea tumbaku. Sikumjua ni nani, ila nilimshuku mlinzi, na kila nilipomwona akivuta nilijisemea kwamba hiyo ni Brazili inaungua.

Mchezo wa kubashiri miji nilifundishwa na mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Ondieki, mtu mrefu wa maneno machache ambaye hakuwahi kufika mbali kuliko Nairobi. Mtihani wa taifa ulikuwa na swali lake la kila mara: mvua ya kila mwezi, joto la kila mwezi, na mji usiotajwa jina. Mtahiniwa ataje ni mji gani na aseme kwa nini. Wanafunzi wetu walikuwa wakianguka katika swali hilo kama ndizi mbivu. Ondieki aliniketisha ofisini mwake akaniandikia ubaoni mji baada ya mji, nami nikabashiri mpaka nikachoka.

Alinifundisha nisikimbilie jina. Kwanza nitazame tofauti kati ya mwezi wa joto kuliko yote na mwezi wa baridi kuliko yote. Ikiwa ni ndogo, mji uko karibu na ikweta au karibu na bahari. Kisha nitazame joto linakuja Januari au Julai, nijue niko upande gani wa dunia. Baada ya hapo ndipo niguse mvua. Alisema mji unaoupenda ndio utakaokudanganya, kwa sababu utautafutia sababu. Maneno hayo niliyachukulia ya darasani tu.

Shida ya watoto wetu ilikuwa mvua ya kwao wenyewe. Nyinyi mmezaliwa huku, mnaijua. Asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa mawe ya mvua yanapiga bati mpaka mwalimu anaacha kufundisha. Mtoto aliyekulia hivyo haamini kuna mahali mvua hainyeshi mwaka mzima. Nilipowaambia habari za Kairo, kijana mmoja aliniuliza kwa huzuni ya kweli ng'ombe wa huko wanakula nini. Na chochote chenye baridi waliita London. Hata Kitale waliwahi kuiita London.

Nikaamua tupime mvua yetu wenyewe. Tulikata kopo la mafuta ya kupikia, tukaliweka uwanjani juu ya kigingi, tukaweka zamu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wiki moja mvua ya Ikonge ikaizidi ile ya Kericho kwa namna ya kushangaza. Kumbe wasichana wawili walikuwa wakiongeza maji kwa kikombe, kwa sababu hawakupenda Kericho watushinde. Niliwaadhibu wateke maji ya jikoni muhula mzima, ingawa moyoni nilicheka. Walikuwa wameanza kuipenda ile hesabu.

Mmoja wa wale wasichana ndiye aliyemwambia shangazi yake kwamba mwalimu wao anaweza kuujua mji kwa kuambiwa mvua yake tu.

Shangazi huyo aliitwa Bosibori. Alikuja Ijumaa moja kutoka soko la Ikonge, akiwa ameuza ndizi zake, akasimama nje ya mlango mpaka kipindi kikaisha. Alikuwa mama wa makamo, amejifunga leso vizuri, na ule utulivu wa watu wa kanisa la Sabato wanaotaka kumaliza shughuli kabla jua halijazama. Tuliongea Kikisii, lakini nitawaandikia kwa Kiswahili.

"Bwakire, mwalimu," alinisalimu. "Nasikia wewe unajua mji kwa kuambiwa mvua yake."

Nikamwambia ninabahatisha tu.

"Basi nibahatishie mmoja."

Mumewe aliitwa Makori. Alichukuliwa vitani wakati wa vita vya pili, akavushwa bahari pamoja na rafiki yake wa mteremko uleule, Nyakundi. Nyakundi alirudi. Makori alifia hospitali ya jeshi huko ng'ambo, wala hakufa kwa risasi. Alikufa kwa ugonjwa wa kuhara. Serikali ilileta habari ya kifo bila kutaja mahali. Nyakundi naye hakujua jina la mji, kwa sababu askari weusi hawakuambiwa wanapelekwa wapi, na yeye mwenyewe alishushwa melini akiwa na homa.

Nilimuuliza kwa nini anataka kujua sasa, baada ya miaka yote ile. Akaniambia mama mkwe wake ni mgonjwa, hali uji, na wote nyumbani wameshaelewa. Nanyi mnajua mazishi yetu yalivyo. Mtu wa ukoo husimama akaeleza maisha ya marehemu, alizaliwa wapi, aliolewa wapi, watoto wake ni kina nani, na waliomtangulia wamelala wapi. Yule bibi alikuwa amezika watoto wengine wawili pale pale kwenye migomba, kila mtu anaonyesha kwa kidole.

"Wakifika kwa Makori watasema alipotea vitani," Bosibori alisema. "Walisema hivyo kwa mazishi ya baba yake, mimi nikisikia. Mwalimu, kinachopotea ni ng'ombe. Makori hakupotea. Alizikwa, na aliyemzika yuko hapa anakunywa chai. Nataka siku hiyo wataje mahali."

Nilimwambia nitajaribu, na aliposhuka kilima nilijisikia mzito, maana kwa mara ya kwanza mchezo ule ulikuwa umeombwa na mtu mwenye haja nao.

Nyakundi sikuhitaji kumtafuta mbali. Alikuwa amehama zamani kutoka kule chini Magwagwa, akanunua shamba karibu na shule yetu, akapanda majani chai miongoni mwa watu wa kwanza. Kila mtu Ikonge alimwona wa Ikonge. Nilimwomba aje darasani alasiri moja, akaja amevaa koti la jeshi lililokwisha rangi. Habari za vita hakuwahi kuzisimulia kwa Kikisii. Alizisimulia kwa Kiswahili cha jeshini, kwa sababu, alisema, huko ndiko zilikotokea.

Wanafunzi walimuuliza kama nilivyowafundisha, na nilijivuna kuwasikia. Usiku kulikuwa na baridi? Hapana, usiku na mchana jasho moja. Nguo zilikauka? Nguo iliota ukungu, viatu viliota uyoga. Kabla ya mvua kulikuwaje? Joto lilipanda kila wiki mpaka watu wakagombana bila sababu. Upepo ulitoka wapi? Baharini. Mvua ilianza mwezi gani?

"Miezi ya mzungu mimi hapana hesabu," Nyakundi alisema. "Ilianza wakati ya kuvuna wimbi. Sisi nafika, mvua nafika. Na sisi nakaa huko miezi tatu, naondoka, mvua bado iko."

Ndipo kijana mmoja akauliza mvua yenyewe ilikuwa nyingi kiasi gani. Alitaka kipimo, maskini, kama cha kopo letu.

Nyakundi alifunga vifungo vya koti lake. Kisha akasema, "Siku ya kuzika Makori, sisi nachimba, maji najaa. Tunachota maji na kofia ya chuma, najaa tena. Mwisho sajini nasema basi, weka yeye. Tukaweka yeye ndani ya maji."

Hakuna aliyeandika. Yule msichana mwenye shangazi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati. Nyakundi alisimama, akaniambia kwa Kikisii, kwa sauti ya chini, kwamba hayo hajawahi kumwambia mjane, na akanisihi nami nisiyafikishe. Nilimwahidi, na nilipowaeleza wanafunzi, darasa zima likaahidi. Watoto wa siku zile walikuwa na makosa yao, lakini neno hilo halikutoka.

Tulibaki na kazi. Wimbi lenyewe ni lile la uji, mnalijua, ingawa siku hizi mnalinunua kwa pakiti. Ikonge tulilivuna karibu na mwezi wa tisa. Basi mji wenye joto la kulingana, upepo wa baharini, mvua inayoanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka karibu na Krismasi. Darasa lilifungua atlasi na jedwali nyuma ya kitabu, likapekua miji yote ya ng'ambo ile ambako askari wetu walipita. Mmoja tu ulikubali. Madras, pwani ya mashariki ya India, ambako mvua huja wakati kwa wenzao wa upande wa pili imekwisha. Walishangilia. Mwalimu Ondieki aliitazama hesabu, akasema inakaa sawa. Akaniuliza kama ninaupenda huo mji. Nilimwambia nautaka kwa sababu ya yule mama. Akatikisa kichwa, akanirudishia hesabu.

Jumapili niliteremka kwenda kumwambia Bosibori. Kutoka Ikonge hadi kwao, chini ya Magwagwa kuelekea mto, ni kushuka tu, na kadiri unavyoshuka ndivyo koti linavyokuwa mzigo. Nililivua njiani nikalitia kwapani. Nilikuwa nimejiandalia maneno na nilikuwa nikiyarudia kwa sauti, mpaka wapita njia wakanipisha kwa heshima ya kumpisha mtu asiye sawa.

Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba. Alikuwa na kisu kidogo mkononi na kikapu mgongoni, anakata, anatupa nyuma, anakata. Hakuacha kazi, alinisikiliza akiendelea. Nilimweleza habari za upepo na jasho na ukungu wa nguo. La kofia za chuma sikuligusa. Nikamwambia kwamba jambo lililotuonyesha mji ni kuanza kwa mvua, maana Nyakundi alisema ilianza wakati wa kuvuna wimbi, yaani mwezi wa tisa.

Bosibori alinyanyuka, akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

"Mwalimu," akasema, "na sasa mimi ninafanya nini?"

Nikatazama kikapu. Kilikuwa kimejaa masuke ya wimbi. Nikatazama shamba la jirani, nalo lilikuwa limeshakatwa nusu. Ulikuwa mwezi wa sita. Asubuhi ileile nilikuwa nimepita kwetu Ikonge katikati ya mashamba ya wimbi bichi, kijani kabisa. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikijua kwamba chini kuna joto na mazao hukomaa mapema, nimelifundisha hilo darasani kwa mifano ya Ulaya, na haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kukuhesabia miezi kwa wimbi la kwao huku wewe ukimsikiliza kwa wimbi la kwenu. Nyakundi alikwenda vitani akiwa kijana wa Magwagwa. Chai ya Ikonge ilikuwa imetusahaulisha.

Niliketi chini kwenye mabua. Bosibori aliniletea maji ya kunywa na hakunicheka, ingawa midomo yake ilitaka. Kisha akauliza swali ambalo bado nalisikia.

"Kwa hiyo mvua hiyo sasa inanyesha?"

Nikamwambia ndiyo. Kama Nyakundi alisema kweli, inaanza siku hizi hizi. Akageuka akatazama juu, palipokuwa pakavu na peupe. Mimi nililia kidogo, na siwaombi radhi.

Jumatatu tulianza upya. Mvua inayoanza mwezi wa sita na bado iko mwezi wa tisa ilitutoa Madras ikatupeleka kaskazini, kwenye kona ya juu ya ghuba inayopakana na Madras. Huko kulikuwa na miji mitatu iliyolingana, na hesabu peke yake haikuweza kuitenganisha. Nilirudi kwa Nyakundi nikamuuliza meli yao ilitia nanga wapi, baharini au mtoni. Mtoni, alisema, mto mpana wenye maji ya matope. Kulikuwa na vilima? Vilikuwepo, vidogo, hospitali iko karibu navyo. Mji mkubwa sana wenye magari mengi? Hapana, mji wa kiasi. Mmoja wa ile mitatu ulikuwa mkononi mwa Wajapani wakati ule, kwa hiyo hospitali yetu isingekuwa huko. Mwingine ulikuwa mkubwa mno na hauna vilima. Ulibaki mmoja, bandari ya mtoni iitwayo Chittagong, siku tulipofanya hesabu ikiwa Pakistani ya Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh.

Mwalimu Ondieki aliniita ofisini. Aliniuliza, nikienda kwa yule mama, nitasema najua au nitasema nadhani. Nilimwambia amengoja zaidi ya miaka ishirini, ningependa kumpa kitu kizima. Ondieki akasema kitu kizima ni kile ulicho nacho, na kama nina nadhani basi nimpe nadhani yote bila kuiongeza maji kwa kikombe. Habari za wale wasichana wa kopo zilikuwa zimefika hadi kwake, kumbe.

Nikashuka tena. Nilimwambia Bosibori kwamba mvua ninaijua, na ninaweza kuiapia. Mji nadhani ni Chittagong, na ninaweza kukosea. Alinifanya nilitamke jina mara nyingi, naye akilifuata, mpaka likamkaa mdomoni kwa sauti ya Kikisii.

Mama mkwe alifariki kabla ya likizo ya Agosti. Nilihudhuria mazishi na wanafunzi wangu wakubwa, na Nyakundi alikuja na koti lake. Msemaji wa ukoo alitaja watoto wa marehemu mmoja mmoja, akionyesha waliolala kwenye migomba. Alipofika kwa Makori akasita, akamtazama Bosibori, kwa maana walikuwa wameshazungumza.

Bosibori alisimama mahali alipokuwa. Hakuwa na karatasi.

"Makori mwana wa mama huyu hakupotea," alisema. "Alizikwa na Nyakundi huyu hapa. Amelala mahali mvua huanza tunapovuna wimbi, na leo inamnyeshea. Mwalimu anadhani panaitwa Chittagong. Jina linaweza kuwa si lenyewe. Mvua ni yenyewe."

Kisha akaketi. Msemaji akarudia jina la mji polepole, akalikosea, akalirudia tena, na watu wakaitikia kama walivyoitikia yale ya kwenye migomba. Nyakundi alikuwa ameinamia fimbo yake. Pembeni yangu yule msichana wa kopo alinishika mkono, na sikumkemea.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia kabla hamjaingia darasani. Swali la mtihani litawapa miezi imeandikwa vizuri kwa mistari, mtadhani miezi ni ya watu wote. Muulizeni kila mtu anahesabu kwa shamba lipi. Mkiwa mnajua semeni mnajua, na mkiwa mnadhani semeni mnadhani.

Katika miaka ya sabini watu wa mteremko wa Bosibori waling'oa wimbi wakapanda vitu vya kuuza. Wanawe walimshauri naye ang'oe, maana wimbi lina kazi nyingi na faida ndogo. Alikubali shamba lote isipokuwa kipande kimoja nyuma ya nyumba, ambacho hakikutosha hata uji wa mwezi mmoja. Wanawe walidhani ni uzee. Nilipitia kwake mwaka mmoja, mwezi wa sita, nikamkuta amesimama katika kipande kile na kisu chake, ameshakata suke la kwanza, anatazama mbingu kavu. Alinisalimu bila kugeuka.

"Imeanza huko, mwalimu," akaniambia.